Mashine Isiyokuwa na Mfagiaji

Kendi, binti wa Mwalimu Kithinji, alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa nachambua maharagwe, akasema, "Ankol, Baba ametuacha," na mimi badala ya kumpa pole kama mtu mzima nikamwuliza amewaacha akaenda wapi. Akalia, ndipo nikaelewa. Nikamwaga maharagwe yote, mabaya na mazuri, kwa sufuria moja. Mazishi yalikuwa Kanyakine, nyumbani kwake. Nilikaa kiti cha nyuma chini ya hema, mahali pa majirani na watu wasiojulikana vizuri, nikasikiliza wasifu ukisomwa: Mwalimu Kithinji alizaliwa, akasoma, akafundisha hesabu, akaugua macho, akalea watoto, akapumzika. Akaugua macho. Maneno mawili tu, halafu koma. Mwaka ninaoujua mimi ulikuwa umelala ndani ya ile koma, na hakuna mtu aliyeuamsha. Mchungaji alisema marehemu alipenda kuimba. Mimi nilikaa na huyo mtu mwaka mzima na sikumsikia akiimba hata siku moja, ila labda alianza baadaye.

Habari za baba yangu na mama yangu sitaziandika hapa. Kila mzee akishika kalamu anaanza na mbuzi waliokuwa nyumbani, na msomaji anasinzia kabla mbuzi hawajafika malishoni. Jua tu kwamba niliacha shule darasa la nne, na nikiwa na miaka ishirini na minne nilikuwa na meza yangu ya kutengeneza redio pale Makutano, Meru, kwenye veranda ya duka la magodoro. Nilikuwa fundi mzuri. Hilo nalisema bila aibu kwa sababu mengine nitakayosema yana aibu ya kutosha. Siku moja akaja mtu mrefu, shati jeupe, ameshika redio chini ya kwapa kama kuku.

"Wewe ndiye Mutwiri?"

"Inategemea redio imeharibika aje."

Hakucheka. Alifungua kifuniko cha nyuma, akatoa kioo cha kukuzia mfukoni, akainamia zile waya karibu sana mpaka nikadhani ananusa. "Hapa nani alichomelea?"

"Mimi. Mwaka jana."

"Na hapa?"

"Hapo ni fundi mwingine. Hapo ni matapishi."

Sasa akacheka. Redio yenyewe haikuwa na shida yoyote. Alikuwa amezunguka Meru nzima akiazima redio za watu kuangalia risasi ya kuchomelea waya, akitafuta mkono, na mkono alioupata ulikuwa wangu. Akaniambia ana kazi Kanyakine, ya mwaka mmoja, ya kuunda mashine. Nikamwuliza mashine ya kufanya nini. Akasema, "Ya kufikiri kidogo." Nikamwuliza kwa nini mwaka mmoja. Akasema daktari wa macho amempa huo. Alikuwa na ile presha ya ndani ya macho, na daktari alimwambia pembeni kutafunga kwanza, halafu katikati. "Nataka niione ikiwaka kabla sijafungwa," alisema, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya. Nikafunga meza yangu wiki hiyo hiyo. Watu wa magodoro walidhani nimeoa.

Chumba tulichofanyia kazi kilikuwa stoo ya kahawa. Nikifumba macho hata leo nasikia harufu yake: magunia, mafuta ya taa, na ndizi ambazo Mama Kendi, mke wake, alikuwa anaziivisha kwa pipa kwenye kona, kwa hivyo kila kitu tulichounda kilinuka ndizi. Meza ilikuwa mlango wa zamani umelazwa juu ya matofali, na tundu la ufunguo bado lilikuwepo. Ndani ya hilo tundu tulipitisha waya za betri. Stima haikuwa imefika. Betri ya lori tuliichaji pale sokoni, kwa mashine ya kusaga mahindi, tukaibeba kwa toroli kupanda na kuteremka. Mama Kendi alikuwa Mwembu wa Runyenjes, mwanamke mdogo wa mwili na mkubwa wa maneno, na alipika kama mtu anayeshindana na nyumba ya jirani. Githeri ya njahi, yaani mahindi na maharagwe meusi, ndizi za kuponda, na uji wa wimbi uliochacha ambao Wameru tunauita ucuru. Alinifundisha kwamba Waembu wanajua kupika kuliko Wameru, na kila nilipobisha aliniongezea chakula, basi nikawa nabisha kila siku.

Sasa hiyo mashine. Nitaieleza vile Mwalimu alinieleza, kwa sababu njia nyingine sina. Kuna lugha ya kompyuta inaitwa Lisp, na ndani yake kila kitu ni orodha. Mashine yetu ilikuwa na vyumba mia mbili hamsini na tano. Kila chumba kina pande mbili: upande mmoja unaweka kitu, na upande wa pili unaweka nambari ya chumba kinachofuata. Ukitaka orodha ya vitu vitatu, unashika chumba kimoja, kinakuonyesha cha pili, cha pili kinakuonyesha cha tatu, na cha tatu kinakuonyesha sufuri, maana yake kwisha. Basi. Mimi wa darasa la nne nilielewa siku ya kwanza. Shida ilikuwa mahali pengine. Ukifanya kazi unachukua vyumba kutoka stoo, na vingine unaviacha njiani kama maganda ya ndizi, hakuna anayevitumia na hakuna anayevirudisha. Kidogo kidogo stoo inaisha na mashine inakwama. Kule ng'ambo alikosomea Mwalimu, mashine kubwa zilikuwa na mfagiaji: kazi yote inasimama, mfagiaji anapita chumba kwa chumba akiuliza nani anakaa hapa, na kisicho na mtu anakirudisha. Lakini mfagiaji mwenyewe anahitaji nafasi, na anahitaji chipu nyingi, na sisi chipu zetu zilikuwa zimekuja ndani ya kopo moja la maziwa ya unga. Miezi mitatu Mwalimu alichora na kufuta. Akichora nilikuwa namwona akisogeza karatasi upande wa kushoto, kila wiki kidogo zaidi, kwa sababu upande wa kulia ulikuwa unaondoka.

Mwezi wa nne wa kazi nilikuwa na redio ya kupeleka Laare, kwa mnunuzi mmoja wa miraa. Mwalimu akasema, "Nitakuja. Nataka kuona milima ya Nyambene nikiwa bado na kitu cha kuionea." Tukafika saa nne asubuhi, soko limechemka, pikipiki na magunia na makelele, na mimi nikaenda kwa mambo ya redio. Niliporudi nilimkuta amechuchumaa mbele ya mfungaji mmoja wa miraa, mtu anaitwa Kaberia, anamtazama kama mtoto anayetazama mchinjaji. Kaberia alikuwa na nyuzi za mgomba zimening'inia kiunoni, mbichi, zimeloweshwa maji. Anachomoa uzi, anafunga bunda, anampa mnunuzi. Mnunuzi akikataa, Kaberia anafungua hapo hapo, miraa inarudi mapajani, uzi unarudi kiunoni. Mkono haupumziki na uzi hauanguki.

"Jioni hapa nani hufagia hizi nyuzi?" Mwalimu akauliza.

"Tufagie nyuzi gani?" Kaberia akatazama chini, akatazama Mwalimu. "Wewe umeona uzi chini?"

Hakukuwa na uzi chini. Majani ya kutupwa yalikuwepo, nisiseme uongo, na mbuzi mmoja alikuwa anayashughulikia.

"Na watu wawili wakitaka bunda moja?"

"Mmoja achukue, mwingine nimfungie lake."

"Wasishike pamoja?"

"Mzee, washike aje pamoja?" Kaberia alicheka mpaka wenzake wakageuka. "Huyu akifungua kamba ale, yule amebaki ameshika nini? Ameshika hewa. Kesho yake ni vita hapa. Huyu mtu wako, kijana, ni wa wapi?"

"Kanyakine," nikasema.

"Aa. Huko wanapanda kahawa," akasema, kama amemaliza kueleza.

Mwalimu alinigeuza hapo sokoni, akaweka karatasi kwenye mgongo wangu, akaanza kuchora. Watu walipita wakituangalia. Nilisimama nimeinama labda dakika ishirini, penseli ikinitekenya mbavu, na hivyo ndivyo mashine ilivyoundwa, juu ya mgongo wangu, Laare. Hakuna orodha yenye wenyewe wawili. Ukitaka kuitumia mara mbili, lazima unakili yote, chumba kwa chumba, kila mtu apate bunda lake. Na ukimaliza kusoma chumba, kirudishe stoo wakati huo huo, mkono ukiwa bado juu yake. Uchafu hautakuwepo, kwa hivyo mfagiaji hahitajiki. Nimeona watoto wa siku hizi na simu zao zikikwama, wananiambia memori imejaa, na mimi nanyamaza, kwa sababu ukianza kuwaeleza habari ya Kaberia wanakuletea maji ya kunywa na kukwambia upumzike.

Kutoka hapo kazi ilikuwa yangu. Maagizo ya mashine yalikuwa kwenye bodi kubwa ya diodi, yaani vile vipunje vya kioo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Mwalimu alichora mistari na nukta, mimi kila nukta nikachomelea diodi. Kazi ya majaribio aliichagua mapema: tuipe mashine orodha ya nambari, ituambie kama kusoma kutoka mbele na kusoma kutoka nyuma ni sawa. Ili ilinganishe ilihitaji orodha mbili, moja ya kugeuza na nakala ya kubaki ilivyo, kila moja na jina lake. Moja, mbili, tatu, mbili, moja. Jibu la ndiyo lingewasha balbu ya kijani. Na juu yake balbu nane za tochi zilikuwa zinahesabu vyumba vilivyobaki stoo, ya kwanza kwa kimoja, ya pili viwili, ya tatu vinne, hivyo hivyo maradufu. Kazi ikiisha, zote nane zinatakiwa kuwaka, maana yake mia mbili hamsini na tano, vyote vimerudi nyumbani. "Kijani peke yake hainitoshi," Mwalimu alisema. "Hata mjinga anaweza kubahatisha ndiyo."

Sasa aibu. Nilipofika ukurasa wa tisa, ule wa kunakili orodha, diodi zilipungua. Kumi na moja hivi. Zingetoka Nairobi baada ya wiki kadhaa. Na mimi nilikuwa fundi wa Makutano, na fundi wa Makutano akiona waya mbili zinaenda mahali pamoja anakata moja na kuiweka mfukoni, ndivyo tulivyokula. Nikaangalia ule mchoro nikajiambia, huyu mwalimu anapenda anasa. Kwa nini mashine ihangaike kunakili orodha nzima wakati majina mawili yanaweza kuonyeshwa chumba kile kile? Nikavuta waya moja fupi, safi sana, risasi imeng'aa kama jicho la samaki. Sikumwambia. Nilitaka aone nimemaliza mapema. Na aliona, akampigia kelele Mama Kendi aje, akamwambia, "Ona mkono wa huyu mtu. Hakosei." Mama Kendi akaniwekea nyama.

Mashine ikakataa. Tuliipa moja, mbili, tatu, mbili, moja, ikasema hapana. Tukaipa nambari za ovyo, ikasema ndiyo. Balbu za stoo ziliwaka kila siku namna nyingine. Mwalimu akaanza kuipitia bodi yote kwa kioo cha kukuzia, nukta kwa nukta, asubuhi mpaka jua likizama, na machozi yalikuwa yanamtoka, si ya huzuni, ni macho tu yamechoka. Siku ya nne ya hayo nikaelewa. Nilikuwa nafunga kamba ya toroli, nikamkumbuka Kaberia. Jina la kwanza lilikuwa linageuza orodha na kurudisha vyumba stoo, na jina la pili lilikuwa limebaki limeshika hewa. Ilikuwa ni ile waya yangu. Nilipaswa kuingia ndani niseme. Niliingia ndani, akaniuliza, "Ukurasa wa tisa umeuangalia?" nikasema, "Nimeuangalia, Mwalimu. Uko sawa." Nimejiuliza miaka yote hii kwa nini. Nadhani ni ile nyama. Mtu akishaitwa asiyekosea mbele ya mwanamke aliyempikia, inakuwa vigumu kurudisha.

Wiki tatu nilisema uko sawa. Yeye alikuwa hawezi tena kuona waya nyembamba ikipita chini ya nyingine. Aliniamini mimi na akashuku karatasi zake. Mchana mmoja nilikuwa nje nafua shati, nikawasikia jikoni.

"Hayo macho unayamalizia kwa risasi za huyo kijana," Mama Kendi alisema. "Mwambie aangalie kazi yake."

"Mutwiri hakosei. Nimekosea mimi kwenye karatasi."

"Umejuaje?"

"Nimemwuliza."

Nilibaki nimeshika shati, maji yanadondoka kwa viatu. Mtu anayesimulia vizuri angesema niliingia hapo hapo nikapiga magoti. Nilianika shati. Nilikaa siku nne zaidi.

Siku ya tano tulikuwa tunakula githeri, sisi watatu, mlango uko wazi, jua limeingia mpaka mezani. Mwalimu alikuwa anatafuta kijiko kilichokuwa karibu na mkono wake wa kulia, anapapasa, na hakukiona, na kilikuwa kinang'aa. Nikasema, "Mwalimu, sikuweka diodi ukurasa wa tisa. Niliweka waya."

Mkono wake ukasimama. "Waya inatoka wapi kwenda wapi?"

Nikamwambia.

"Kwa hivyo majina yote mawili yanashika chumba kimoja."

"Ndiyo."

"Umejua tangu lini?"

"Karibu mwezi."

Mama Kendi aliinuka, akachukua sahani yangu ikiwa nusu, akaenda nayo jikoni. Kwetu mtu anaweza kukutukana mpaka jua lizame na mkaendelea kusalimiana, lakini kuondolewa chakula mbele yako ni kitu kingine. Nilisikia akiwamwagia kuku. Mwalimu akasema polepole, "Ule ukurasa nimeufuta mara sita. Ulikuwa sawa mara ya kwanza." Halafu akaita, "Mama Kendi, mrudishie mtu chakula. Mikono yake bado tunaihitaji." Hakusema amenisamehe. Alisema mikono. Nilikula, na mpaka leo sijui nilikula nini.

Kutoka siku hiyo alinipa sharti. Kila nukta nitakayochomelea, niisome kwanza kwa sauti kutoka kwa karatasi: mstari gani, nambari gani, maneno yote ya pembeni. Yeye anakaa kwenye gunia, macho amefumba, anasikiliza. Nilisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Rudisha, bwana, si rundisha." "Ndiyo, Mwalimu." "Tena." Mama Kendi alikuwa anapita na kunicheka: "Mtoto wangu wa darasa la pili anakushinda." Na ilikuwa kweli, Kendi alikuwa ananishinda. Lakini mwezi wa kumi nilikuwa nasoma bila kukwama, na magazeti yaliyofungiwa chumvi nikaanza kuyasoma pia, na hivi unavyoona nimeandika haya yote mwenyewe. Macho yangu ya kusoma yalifunguliwa na mtu aliyekuwa anafungwa yake, na sehemu ya alichopoteza nilimpotezea mimi. Hilo sijapata mahali pa kuliweka.

Diodi zilifika zikiwa zimechelewa. Nilizichomelea kumi na moja, moja moja, nikisoma. Wakati huo Mwalimu alikuwa anajua dirisha liko upande gani, basi. Ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana, Mama Kendi amekuja na unga mikononi akasimama mlangoni. Nikazungusha swichi: moja, mbili, tatu, mbili, moja. Nikabonyeza. Mashine ilichukua kama pumzi mbili. Balbu ya kijani ikawaka. Na juu yake balbu nane zilicheza, zikapungua, zikaongezeka, halafu zikatulia.

Mwalimu alikuwa amegeuza uso kidogo pembeni, kama anasikiliza mvua ya mbali. "Sema."

"Kijani imewaka."

"Stoo?"

"Zote nane, Mwalimu. Zote zinawaka."

Mama Kendi alikuwa mfupi, na ile meza ya mlango tulikuwa tumeiinua; kutoka pale alipokuwa hakuona zaidi ya migongo yetu. "Na utajuaje kama hasemi uongo?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Ilikuwa haki yake kuuliza.

Mwalimu alinyoosha mkono. Zile balbu za tochi zikikaa kidogo zinapata joto, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kufanya kazi ya macho. Alitafuta ukingo wa bodi, akapanda, akapata ya kwanza, akaiwekea ncha ya kidole. Akasogea kwa ya pili. Zilikuwa zinawaka, nilikuwa naziona, na bado niliogopa kama mwizi. Akagusa ya tatu. Kidole chake kikakaa hapo, kati ya ya tatu na ya nne. Halafu akaurudisha mkono, akauweka mfukoni.

"Nimeshaambiwa," akasema. "Mama Kendi, njoo huku mbele, huyu akusomee."